Usajili usisubiri siku za mwisho za dirisha

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie tabia ya klabu zetu za soka kusubiri hadi siku za mwisho za dirisha la usajili, yaani kipindi kinachoruhusiwa kusajili wachezaji, kana kwamba majina yanayotangazwa usiku wa manane ndiyo yenye thamani zaidi.

Mchezaji anayetoka nje ya nchi hahitaji mkataba pekee. Lazima ipatikane hati ya uhamisho wa kimataifa, taarifa za klabu zote mbili zilingane katika mfumo wa FIFA, na hapa nyumbani vibali vya kazi na ukaazi vishughulikiwe. Hati moja ikichelewa, mtu aliyelipiwa fedha nyingi hubaki jukwaani. Zaidi ya hayo, raundi za awali za mashindano ya klabu ya CAF, shirikisho la soka Afrika, huja mapema, na beki aliyewasili juzi hawezi kuelewana na kipa wake kwa mazoezi ya siku chache.

Sidai kwamba dirisha dogo, lile la katikati ya msimu, halina faida. Yanga walimsajili mshambuliaji Kennedy Musonda Januari 2023, kabla ya hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, naye akawafungia dhidi ya TP Mazembe na tena katika nusu fainali dhidi ya Marumo Gallants. Lakini huo ulikuwa usajili wa kuziba pengo lililojulikana, wala si wa kuwatuliza mashabiki (ambao, tukubali, hatutulii).

Viongozi wamalize usajili mkubwa kabla ya kambi kuanza, na dirisha dogo walitumie kwa marekebisho tu.

Msomaji wako,
Dar es Salaam