Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: Kiwanda cha Kibaha kinahitaji ratiba

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kuhusu kiwanda cha viuadudu cha Kibaha, kilichojengwa na Shirika la Maendeleo la Taifa kwa teknolojia ya Cuba na kufunguliwa mwaka 2015, kikikusudiwa kuzalisha lita milioni 6 kwa mwaka. Juni 2017 hayati Rais Magufuli aliziagiza halmashauri zinunue dawa yake ya kuua viluwiluwi vya mbu. Agizo lilikuwa jema, lakini agizo si ratiba, na kiwanda cha namna hii hakiwashwi na kuzimwa kama mashine ya kusaga.

Kinachozalishwa pale ni bakteria hai. Kazi huanzia maabara kwa chupa moja ya mbegu, inayokuzwa hatua kwa hatua hadi itoshe tangi kubwa, ambalo pamoja na mabomba, valvu na chakula cha bakteria hao huwa limetakaswa kwa mvuke wa nyuzi joto 121, kwa kuwa kimelea mgeni akipenya anaweza kuharibu tangi zima. Mtihani mkubwa zaidi ni hewa. Lita ya maji yenye nyuzi joto 30 hubeba takriban miligramu 7.5 tu za oksijeni, na bakteria waliokwisha kusongamana wanaweza kuimaliza kabla dakika haijaisha. Umeme ukikatika, hewa inayosukumwa tangini hukoma na wanakosa pumzi fundi akiwa bado anaelekea kwenye jenereta. Isitoshe, sumu inayoua kiluwiluwi hutengenezwa mwishoni, chakula kinapokwisha na bakteria wanapojifunga kuwa spora, yaani umbo gumu la kujihifadhi, hivyo mkupuo uliovurugika katikati huweza kutoa lita nyingi za uji usio na nguvu. (Ndiyo maana kununua kwa lita bila kupima nguvu ya dawa ni kununua maji.)

Dawa ya maji haipendi kukaa ghalani kwenye joto, na ikishanyunyizwa dimbwini nguvu yake hupungua ndani ya wiki chache. Mahitaji yanapojitokeza kwa kishindo masika tu, kiwanda hakiwezi kuyakimbilia wala kuyawekea akiba kubwa.

Naomba, kwa kushirikiana na TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri, kila halmashauri itakiwe kusaini kabla ya Julai mkataba wa mwaka unaotaja kiasi, mwezi wa kupokea na nguvu ya dawa itakayopimwa wakati wa kupokea.

Wako mtiifu,
Mhandisi wa kemia, Pwani