Mhariri, ile picha ilikuwa mashine ya mayai, si keke

Kwako Mhariri,

Naandika juu ya lile fumbo la picha mlilotoa Jumamosi ya wiki tatu zilizopita, lile la viboksi 15 kwa 20. Jibu mliliweka Jumamosi iliyofuata kwa maandishi madogo kule chini ya ukurasa, mkasema ni keke ya seremala, ile ya kutoboa mbao. Si keke. Ile ni mashine ya kupigia mayai, ile ya zamani ya kuzungusha na mkono, na naomba mrekebishe, tena mrekebishe mahali watu wanaona, na nitawaeleza kwa nini nashikilia hivyo.

Mimi nimeoka keki hapa Nakuru miaka mingi, kwanza zile za kuuza kipande kipande karibu na steji ya matatu, baadaye za harusi na bathdei, na nilianza bila oveni, ilikuwa ni sufuria kubwa, mchanga chini, mkebe wa keki ndani, makaa chini na mengine juu ya kifuniko, na unajua keki imeiva kwa harufu peke yake, kwa sababu ukifunua mapema inakaa chini kama chapati. Saa hii nimepumzika, naishi Langa Langa na mjukuu wangu wa gredi ya sita. Huyo mtoto ndiye alinifunza haya mafumbo yenu. Gazeti likifika Jumamosi anachomoa huo ukurasa kabla hata mimi sijasoma matangazo ya vifo, anachonga penseli, anakaa chini pale mlangoni penye mwanga.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kulijaribu, hili si fumbo la maneno. Hakuna swali. Kuna viboksi vitupu, na namba pembeni mwa kila mstari wa kulala na juu ya kila mstari wa kusimama. Namba inakuambia viboksi vingapi vinafuatana vikiwa vyeusi, na kama mstari una namba mbili basi ni mafungu mawili na lazima kuwe na angalau kiboksi kimoja cheupe katikati. Ni hayo tu. Ukipaka vizuri hadi mwisho, picha inatokea. Kuna mstari mmoja wa hilo fumbo ulikuwa na namba 11 peke yake, na mstari ni wa viboksi 15, sasa mtoto akanionyesha kitu kilichonishangaza sana, akahesabu 11 kutoka kushoto, akahesabu 11 kutoka kulia, akaniambia shosho angalia hapa katikati, kutoka kiboksi cha 5 hadi cha 11, hivi saba ni lazima viwe vyeusi hata hilo fungu likae wapi. Hakubahatisha hata kimoja. Ndio maana nayapenda haya mafumbo, mtu hawezi kusema alibahatisha, kila kiboksi ulichopaka una sababu yake.

Sasa twende kwa ushahidi. Mstari wa mwisho kabisa chini ulikuwa na namba 3 na 3. Mistari kadhaa juu yake ilikuwa 1, 1, 1, 1. Wahariri, keke ina ncha moja! Fundi akitoboa mbao anatoboa tundu moja, kwa hivyo kule chini mngekuwa na namba moja tu, 1 ama 2, imeteremka hadi mwisho. Hii yenu ina vitu viwili vimening'inia bega kwa bega, vimezungushiwa waya na ndani ni vitupu, na hivyo ni vichapio vya mashine ya mayai, haviwezi kuwa kitu kingine. Naelewa mlipokosea. Keke ya mkono nayo ina gurudumu la meno ubavuni na kishikio cha kuzungusha, na ukiangalia nusu ya juu ya picha peke yake vinafanana sana hata mimi singelaumu mtu. Lakini jibu ni picha nzima, si nusu ya juu.

Mashine yenyewe ninayo. Ilikuwa ya mama yangu, alikuwa mpishi kwa shamba moja la mzungu upande wa Njoro, huko kwenye ngano, na wenye shamba walipouza na kuondoka baada ya uhuru walimwachia vyombo kadhaa vya jikoni, vingine vilivunjika, vingine viliibiwa, hii ikabaki. Kishikio cha juu ni cha mbao, kilikuwa na rangi nyekundu, sasa rangi imebaki kwa mpasuko mmoja tu karibu na chuma. Gurudumu kubwa lina meno, linasukuma vigurudumu viwili vidogo, na vichapio vinazunguka kila kimoja upande wake, kimoja kinaingia kwenye nafasi ya mwenzake bila kugongana. Ukizungusha mkono mara moja vyenyewe vimeshazunguka mara kadhaa. Mama alinionya kitu kimoja, usiwahi kuzamisha meno kwa maji, osha vichapio pekee na upake meno tone la mafuta ya kupikia, la sivyo yatapata kutu na hiyo ndiyo mwisho wake. Hadi leo inazunguka. Stima ikipotea mimi napiga mayai sita nayo hadi povu linasimama lenyewe kwa bakuli, mkono unauma lakini povu linasimama, na hiyo hewa ndiyo inapandisha keki, watu walikuwa wanaoka keki laini hivyo kabla hata beking pauda haijafika dukani.

Mtoto alitafuta kwa simu tukakuta hii kitu ina historia ndefu, mwaka wa 1870 Turner Williams wa Providence kule Marekani alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine ya aina hii yenye vichapio viwili vinavyozunguka kinyume. Na fumbo lenyewe pia lina mwenyewe. Mwaka wa 1987 mwanamke Mjapani anaitwa Non Ishida alishinda mashindano Tokyo kwa kuchora picha na taa za madirisha ya jengo refu, dirisha hili limewashwa, lile limezimwa, na kutoka hapo akapata wazo la viboksi. Mjapani mwingine, Tetsuya Nishio, naye alibuni fumbo hilo hilo kivyake wakati huo huo. Lilipofika Uingereza, James Dalgety akaliita nonogramu kwa heshima ya huyo Non, na gazeti la Sunday Telegraph likaanza kulichapisha kila wiki mwaka wa 1990. Mtoto alifurahia sana hiyo ya madirisha, siku hizi tukipita Kenyatta Avenue jioni anasimama anahesabu madirisha yenye taa.

Nimeeleza yote haya ili mjue nilichokiona Jumamosi ile nyingine. Kumbe alipokuwa anamaliza fumbo alikwama kwa jina, akaniuliza shosho hivi vitu viwili vinavyoning'inia ni nini, nikaenda kwa kabati nikamtolea mashine ya nyanya yake mkubwa, akaishika kando ya gazeti, akaigeuza hadi kishikio kikaelekea upande ule ule wa picha, akaanza kuhesabu kwa kidole, gurudumu hili hapa, mkono huu hapa, vichapio hivi. Akaandika chini ya fumbo kwa herufi kubwa MASHINE YA MAYAI YA SHOSHO na tarehe. Wiki iliyofuata gazeti likaja na jibu lenu. Alisoma, hakusema kitu, akachukua rababa akafuta alichoandika, akafuta hadi karatasi ikatoboka hapo. Nikamwambia gazeti limekosea, akaniambia gazeti haliwezi kukosea shosho, wao ndio wametengeneza fumbo. Na Jumamosi iliyopita hakuchomoa ukurasa.

Mhariri, mimi sina shida na kosa, hata mimi nimewahi kuweka chumvi kwa keki ya harusi nikidhani ni sukari na nikarudia yote usiku huo huo nikiwa nalia. Lakini nilirudia. Mtoto alifuata namba zenu moja kwa moja hadi mwisho, namba zilikuwa sawa, yeye alikuwa sawa, kilichokosea ni jina peke yake, na hilo jina ndilo limemfanya aone kufikiri kwake hakufai. Inawezekana aliyeandika hilo jibu hajawahi kuiona hii mashine maishani mwake, na hilo si kosa lake, jikoni nyingi siku hizi kuna ya stima ama hakuna kabisa. Basi mwulizeni mtu mzima aliye hapo ofisini kabla ya kuchapisha jibu. Kama mnataka jina, sisi nyumbani tuliita mashine ya mayai, kuna wanaoita kipiga mayai, tumieni lolote kati ya hayo.

Na mkiendelea kutoa picha za vyombo, ambalo naomba muendelee, kuna vya kwetu vingi ambavyo vitatoka vizuri kwa viboksi. Mbuzi ya kukunia nazi. Kibao cha chapati na kifimbo chake. Jiko la makaa na mlango wake mdogo wa chini.

Ile karatasi iliyotoboka nimeiweka ndani ya daftari langu la oda za keki. Mkichapisha marekebisho nitaikata hiyo sehemu ya gazeti niibandike juu ya lile tundu, halafu nimpe mwenyewe aandike tena.

Mwoka keki mstaafu,
Langa Langa, Nakuru