Depoziti isikae mfukoni kwa mwenye nyumba

Mhariri, naomba nafasi niseme kuhusu hii hela ya depoziti, ile unayomwachia mwenye nyumba ukiingia ili akurudishie ukihama kama hujaharibu kitu, maana sisi tunaopanga kwenye miji ya vyuo tumechoka. Na nikisema sisi simaanishi wanachuo peke yao, humu wanaishi manesi, walimu, mafundi, watu wa maofisini, wote tunagombania fleti zilezile na wote tunaendeshwa na kalenda ya chuo hata kama hujawahi kukanyaga darasa lake.

Kwa asiyejua iko hivi. Wiki ya kufungua chuo nyumba hazipo, dalali hapokei simu, ukipata chumba unaoneshwa fasta huku wenzako wamesimama mlangoni wanasubiri zamu yao, basi unasaini tu mkataba hata hujausoma. Alafu mwaka wa masomo ukiisha watu wanahama kwa mpigo, na hapo ndo depoziti zinapoliwa. Mwenye nyumba anajua fika huyu kijana anarudi kwao mbali, hawezi kufungua kesi kwa hela ya kodi ya mwezi mmoja, nauli tu ya kuifuata inaweza kuzidi anachodai.

Mi nilipohama fleti yangu ya zamani nilikatwa hela ya "kupaka rangi sebule". Rafiki yangu ndo akaja kupanga palepale, nikaenda kumsalimia, nakuta doa lilelile la kahawia pembeni ya soketi, na tundu la msumari nilioning'inizia kalenda bado liko wazi. Sasa hiyo rangi ilipakwa wapi jamani? Na hata ingepakwa, rangi kufubaa na zulia kuchakaa sio uharibifu, ni nyumba kukaliwa, na kukaliwa kwenyewe ndo tunakolipia kodi kila mwezi. Umevunja sinki au umeng'oa kitasa hapo sawa, kata.

Wenye nyumba nao wana kilio chao, tusiwaonee. Kuna wapangaji mwezi wa mwisho hawalipi, anakwambia kata kwenye depoziti, anaondoka kaacha bili ya maji na choo kimeziba. Ila wengi wanafanya hivyo kwa sababu wanajua hela hairudi, kwa hiyo kila mmoja anamuwahi mwenzake (na mwaminifu ndo anaumia).

Dawa ipo na wenzetu wanaitumia siku nyingi: hela ishikwe na mtu wa tatu. England na Wales tangu Aprili 2007, kwa mikataba ya kupanga iliyo mingi, depoziti lazima ilindwe kwenye mfumo uliopitishwa na serikali, na sa hivi mwenye nyumba ana siku 30 tu za kufanya hivyo, asipofanya mahakama inaweza kumwamuru amlipe mpangaji kiasi cha hiyo depoziti mara moja hadi mara tatu. New South Wales kule Australia bodi ya kushika hela hizi ilianzishwa kwa sheria ya 1977. Mkikubaliana inatoka, msipokubaliana mnaenda kwenye baraza la usuluhishi, hakuna anayejikatia mwenyewe. Najua mtu atauliza ofisi kama hiyo nani ataigharamia. Hela zikikaa pamoja zinazaa riba, na hukohuko New South Wales sehemu ya riba inaendesha huduma za ushauri kwa wapangaji.

Wakati tunasubiri wakubwa waamke, siku ya kukabidhiwa funguo piga picha kila kitu, mita, dari, nyuma ya milango, chini ya sinki, na umtumie mwenye nyumba sikuhiyohiyo kwa meseji ili tarehe ibaki. Na mnaopanga kwa kundi mkasaini mkataba mmoja muusome vizuri, mara nyingi mwenzenu akitoroka nyie mliobaki ndo mnadaiwa kodi yote pamoja na sehemu yake.

Kuna kitu kingine hakihitaji hata bunge. Vyuo vingi vina ofisi inayowatangazia wanafunzi nyumba za kupanga. Ofisi hiyo ikatae kutangaza nyumba ya mtu yeyote asiyekubali kusaini fomu ya ukaguzi na mpangaji wake, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Wenye nyumba wanazitaka sana hizo nafasi za matangazo, watasaini tu.

Mpangaji, msomaji wenu