Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Kongwa

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wajumbe wa Bodi ya Shule,
Wazee wetu, wazazi wetu na wageni waalikwa,
Wanafunzi wenzetu,

Mbukwenyi!

Ndugu Mgeni Rasmi, tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe kwa kuitika wito wetu. Wazazi wengi waliokaa hapa bado wanakuita Daktari, maana ng'ombe wao walipita mikononi mwako katika miaka yako yote ya utumishi. Kwa hiyo tulipoambiwa tuandae risala, hatukuhangaika kutafuta la kusema. Tumeamua kukueleza habari za mji huu wa Kongwa, ulioletewa karanga zikagoma, ukabaki na ng'ombe wake.

Hapo mezani mbele yako kuna kipande cha chuma. Tulikifukua mwaka jana tukichimba shimo la taka nyuma ya bweni. Ni pingili ya mnyororo wa trekta, na kuibeba inahitaji watu wawili. Tunakuomba upitishe kidole pembeni yake. Utaona palivyolika hadi pakawa pembamba kama jembe lililozeeka. Sisi tulidhani ni kutu. Babu mmoja wa hapa jirani alikigeuzageuza, akatuambia, "Wajukuu zangu, kutu haili hivi. Huo ni udongo wetu ndio uliokula chuma."

Ndugu Mgeni Rasmi, kabla ya chuma hicho kufika, Ugogo, yaani nchi hii ya Wagogo, ilikuwa nchi ya mifugo, mtama na uwele. Watu waliishi kwenye matembe, ng'ombe wakilala uani katikati ya nyumba. Mvua ilijulikana kuwa ni ya kubahatisha, na mwenye ng'ombe ndiye aliyekuwa na akiba, kwa sababu ng'ombe huweza kuhamishwa kufuata majani, lakini shamba halihamishiki.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ukaja ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa Tanganyika, ukapita nchi kwa wiki chache na kupendekeza zaidi ya ekari milioni 3 zilimwe karanga, nyingi zikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ikaanzia hapa hapa Kongwa. Baadaye ikaenda Urambo na Nachingwea.

Matrekta yaliyoletwa mengi yalikuwa ya jeshi, yaliyobaki baada ya vita, mengine yakitoka Ufilipino. Vifaru vya Sherman navyo viligeuzwa kuwa matrekta. Vichaka vya miiba vilikuwa vinene kiasi kwamba mashine ziliharibika kabla hata ya kufika kwenye kulima. Na pale vichaka vilipoondoka, ukabaki udongo wa mfinyanzi wenye chembechembe ngumu za mawe, ambao jua la kiangazi huuchoma ukawa kama tofali. Plau zilikwanguka. Hata karanga zilizoota zilikuwa ngumu kung'olewa, maana karanga huzaa chini ya ardhi, na ardhi ilikuwa imeshafunga. Mvua nayo ikafanya ilivyozoea kufanya Ugogo.

Kuna jambo moja ambalo klabu yetu inaliona kubwa kuliko ukame. Katika mji wa maelfu ya wafanyakazi, waliokuwa wakijua tabia ya ardhi hii, yaani wachungaji wa Kigogo, walipewa mapanga na sururu. Hawakupewa kiti cha kuulizwa. Mwaka huo huo wa 1947 mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulifuata reli hadi huku, na vibarua wa Kongwa nao wakaweka zana chini. Vitabu vinavyoeleza mradi wa karanga hutumia kurasa nyingi kuhesabu matrekta. Sisi tungependa mgomo ule nao ukumbukwe, kwa sababu waliogoma ni babu zetu.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuvunja mpango, ikiwa imepoteza zaidi ya pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kutoka Msagali hadi hapa iling'olewa katika miaka iliyofuata. Shule ya bweni ya watoto wa Kizungu nayo ikafungwa, na wanafunzi wake wakahamishiwa Iringa.

Kilichobaki ni ardhi tupu iliyokwisha kufyekwa, na ardhi hiyo ikarudi kwa ng'ombe. Shirika la Kilimo la Tanganyika, lililoundwa mwaka 1955, liliendeleza ufugaji pale karanga ziliposhindwa. Baada ya Uhuru, mwaka 1968, ikaundwa Kampuni ya Ranchi za Taifa, ambayo wengi tunaijua kwa jina la NARCO, na Ranchi ya Kongwa ikawa mojawapo ya ranchi zake, yenye eneo la takribani hekta 38,000. Ng'ombe wa Borani wakajulikana kwa jina la Kongwa. Jirani zetu wa Mpwapwa walikuwa kwenye kazi yao nyingine, ya kumchanganya zebu wa kienyeji na ng'ombe wa kigeni wa Sindhi na Sahiwali hadi wakampata ng'ombe anayeitwa Mpwapwa. Kituo cha utafiti wa malisho kikawa hapa kwetu. Hayo, Daktari, unayajua kuliko sisi, na hatutakufundisha josho wewe uliyesimamia majosho. Tunataka tu ujue kwamba wanafunzi wa kidato cha pili wanaweza kukutajia dalili za ndigana kali na za homa ya mapafu ya ng'ombe, kwa kuwa wamezisikia nyumbani kabla ya kuzisoma darasani.

Ndugu Mgeni Rasmi, mji huu mdogo wa wafugaji una jambo lingine, na tukilisema huwa tunasimama wima. Mwaka 1964, katika majengo na viwanja vilivyoachwa na mradi wa karanga, Tanzania iliwakaribisha wapigania uhuru. Walikuja FRELIMO wa Msumbiji, wakafuata SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini, ZAPU wa Zimbabwe na MPLA wa Angola. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, aliishi kambini hapa. Kundi la kwanza la wapiganaji wa SWAPO lililoondoka Kongwa ndilo lililofika Omugulugwombashe, ambako risasi za kwanza za vita vya Namibia zililia tarehe 26 Agosti 1966. Wakati bara zima lilikuwa likijiuliza vita hivyo vitaanzia wapi, jibu mojawapo lilikuwa likifanya mazoezi alfajiri pembeni ya ng'ombe wetu.

Wazee wanasimulia kwamba walikuwa wakiuziana nao kuku na maziwa, na kwamba vijana wale walijifunza Kiswahili haraka, Kigogo kidogo, na ngoma zetu. Baadhi ya akina mama wa hapa waliolewa nao na kuzaa nao. Kisha amri ikaja usiku, malori yakaondoka, na wapo waliobaki na mtoto mgongoni pasipo barua. Watoto hao leo ni babu na bibi. Baadhi yao, majirani wanazijua nchi za baba zao, lakini wao wenyewe hawajawahi kuzikanyaga. Na wapo wapiganaji ambao hawakuondoka kabisa, waliolala katika makaburi ya hapa kambini.

Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya maelezo hayo tuna maombi matatu.

Kwanza, tunaomba utusaidie kupata vinasa sauti viwili. Wazee waliofanya kibarua cha karanga wakiwa vijana ni wachache mno waliobaki. Mwaka huu peke yake tumezika wawili kabla hatujamaliza kuwauliza.

Pili, tunaomba utusemee kwa wahusika ili klabu yetu iruhusiwe kufyeka na kusafisha makaburi ya wapigania uhuru kila tarehe 25 Mei, siku ulipoundwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1963. Mafyekeo tunayo. Tunachohitaji ni ruhusa, na wazee wawili wa kutuonyesha ni nani amelala wapi.

Tatu, tunaomba kabati la kioo la kuhifadhia vitu tulivyokusanya: kengele ya ng'ombe, taa ya chemli, kibuyu cha maziwa na hicho kipande cha chuma. Tunaomba rafu ya chini iwe ya mbao ngumu, maana ile ya mwanzo ilipasuka siku ile ile tuliyokiweka.

Ndugu Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.