Jumamosi: michezo ya zamani kwenye Raspberry Pi

Habari zenu wapendwa. Jumamosi saa 9 alasiri, nyumbani kwangu, tunaweka RetroPie, programu ya kuchezea michezo ya video ya zamani, kwenye Raspberry Pi 4 yetu, ile kompyuta ndogo. Natamani sana watoto wetu waonje michezo ya Super Nintendo, mashine iliyotoka Japani mwaka 1990.

1. Mchango ni shilingi 3,000 kila mmoja, mwisho Alhamisi jioni. Ni wa kadi ya kumbukumbu ya GB 32.
2. Mwenye chaja ya USB-C ya volti 5, ampea 3, aje nayo. Ile ya simu tuliyotumia mara ya mwisho ilileta alama ya radi (ishara kwamba umeme hautoshi) kwenye kona ya skrini, na mchezo ukawa unakwamakwama.
3. Padi za USB za kuchezea michezo, hata kuukuu, zinahitajika.

Tafadhali jibuni "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi usiku, niandae viti na chai.