Jicho jekundu liulizwe limetoka wapi

Ndugu Mhariri,

Mdogo wangu ni fundi cherehani hapa Makorora. Mwaka jana jicho lake la kushoto lilipokuwa jekundu, kila aliyemwona alimwambia ni yale macho mekundu yaliyotusumbua mwanzoni mwa 2024. Akanunua matone dukani, akapata nafuu siku mbili tatu, kazi ikaendelea. Lilipomrudia alikwenda kituo kimoja cha afya, akapewa matone yaleyale, na kwenye daftari lake likaandikwa neno moja: "macho". Wiki ya tatu alikuwa ameacha kushona. Alikaa chumbani, pazia limeshushwa mchana kutwa, kwa vile mwanga ulimchoma.

Yale macho ya mlipuko huwasha, hutoa matongotongo na hupita nyumba nzima. Yeye hakuwa na tongotongo hata moja, na watoto tunaolala nao chumba kimoja hawakuambukizwa. Wekundu ulikizunguka kiini cha jicho, maumivu yako ndani, na anaona kama kuna ukungu. Daktari wa macho alipommulika kwa darubini alisema uvimbe uko ndani ya jicho lenyewe, ugonjwa uitwao uveitisi. Mboni ilikwisha kugandana na lenzi, haikuwa duara tena.

Kisha akamuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: usiku unatoka jasho? Mwili umepungua? Ndiyo, miezi kadhaa. Akapimwa, ikaonekana ni kifua kikuu. Dawa zake ni za miezi 6 na hazilipiwi, lakini sehemu ya uoni wa jicho lile haikurudi.

Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza wahudumu kila ninapompeleka kliniki. Jicho huvimba ndani kwa sababu nyingi: kifua kikuu, kaswende, vijidudu vya toksoplazma vinavyotokana na kinyesi cha paka au nyama isiyoiva, mkanda wa jeshi ukipanda usoni, kinga iliyoshuka kwa VVU, na wakati mwingine mwili kujishambulia wenyewe, kama kwa watu wenye magonjwa fulani ya viungo. Wapo wengi ambao chanzo hakipatikani hata wakipimwa. Na sisi wa Tanga tuna usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na nzi wadogo weusi, ambao wazee wa Amani na Usambara wanaujua vizuri kwa miwasho ya ngozi. Vijidudu vyake vinapofia ndani ya jicho, jicho huvimba. Mgonjwa akitoka huko milimani, kumuuliza kijiji chake na kama amewahi kumeza dawa za usubi ni sehemu ya kumpima.

Ninaloomba ni hilo: chanzo kitafutwe, na kiandikwe. Kipimo cha haraka cha kaswende na VVU wajawazito wanapimwa kila siku kwenye vituo vyetu, tone moja la damu kutoka kidoleni. Kwa nini mtu mwenye jicho linalouma na kuogopa mwanga asipimwe palepale? Daftari likiandika "macho" kwa kila mtu, hata hospitali ya mkoa haitajua ni wagonjwa wangapi wa Tanga wanaopofuka kwa kifua kikuu na wangapi kwa usubi.

Wenye maduka ya dawa nao nawasihi. Matone yenye steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, ni tiba halisi ya uveitisi, na mdogo wangu alipewa, lakini mikononi mwa daktari. Yakitumiwa ovyo huleta presha ya macho na mtoto wa jicho, na kama kidonda cha jicho kimetokana na virusi vya malengelenge au fangasi, hukifanya kibaya zaidi. Ile nafuu ya siku mbili tatu ndiyo iliyotuchelewesha. Mteja mwenye jicho jekundu linalouma, asiyevumilia mwanga au anayeona ukungu, asiuziwe kitu. Aelekezwe kliniki ya macho siku hiyohiyo.

Msomaji wako,
Makorora, Tanga