Picha za makumbusho ziko wazi, wanafunzi wetu wa sanaa waelekezwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowahusu wanafunzi wa uchoraji katika skuli zetu za Unguja na Pemba. Kijana akipewa kazi ya kuandika juu ya msanii fulani, huliandika jina kwenye simu, akachukua picha ya kwanza inayojitokeza na kuinakili daftarini. Mara nyingi picha hiyo haina mwaka wala kipimo, rangi zake zimekolezwa na aliyeiweka, na wakati mwengine si kazi ya msanii huyo kabisa.

Mfano ulio karibu nasi ni Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na akafariki mwaka 1972. Miaka minne haitoshi kuzaa rundo la picha zinazobeba jina lake mtandaoni. Nyingi ni za wanafunzi wake na waliowafuata, zikiwemo zinazochorwa hadi leo kwa ajili ya maduka ya Mji Mkongwe. Mwanafunzi asiyeelezwa hayo hawezi kumtofautisha msanii na mtindo uliopewa jina lake.

Dawa ya tatizo hili ipo, na haiuzwi. Rijksmuseum, makumbusho ya sanaa ya Amsterdam, Uholanzi, iliziweka wazi picha zake mtandaoni mwaka 2012, na makumbusho ya Metropolitan Museum ya New York ilifuata mwaka 2017 kwa picha zaidi ya 375,000 ambazo mtu yeyote anaweza kuzichukua, kuzichapa na kuzigawa bila ya kuomba ruhusa. Kwa kawaida kila picha huambatana na jina la msanii, mwaka, vifaa alivyotumia na vipimo. Hivi vipimo watu huvipuuza, nami naona ndivyo vyenye faida kubwa, kwani kwenye kioo cha simu kila kazi huonekana sawa. Katika Rijksmuseum, picha ya mchoraji Rembrandt ya kikosi cha mgambo, ya mwaka 1642, ina urefu wa karibu mita 3.8 na upana wa mita 4.5, ilhali ile ya Johannes Vermeer ya mtumishi anayemimina maziwa, ya karibu mwaka 1660, haifiki nusu mita kwa upande wowote. Ukiikuza hii ya pili katika tovuti ya Rijksmuseum utauona msumari ukutani pamoja na kivuli chake, matundu ya misumari iliyong'olewa, na mkate uliopambwa kwa vitone vya rangi nyeupe. Hayo hayaonekani katika kitabu cha kiada kilichotolewa fotokopi.

Vikwazo ni viwili, bando na lugha. Picha zenye ubora huo ni nzito, na maelezo yake, pamoja na masomo mazuri ya bure ya tovuti ya Smarthistory, yameandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo naishauri Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iwateue walimu wachache wa sanaa, wakutane katika vituo vya walimu, wachague picha kiasi cha mia moja, wazipakue mara moja, waziandikie maelezo ya Kiswahili fasaha na kuzisambaza skulini kwa flashi. Sheria haiwazuii, maadamu wanachukua zile zilizotangazwa kuwa huru.

Tahadhari ihusu wasanii walio hai, kwani kazi zao zina hakimiliki. Hao tuwatazame katika tovuti rasmi bila ya kuzichapa kazi zao ovyo. Namkusudia hasa Lubaina Himid, aliyezaliwa hapa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, akashinda tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, na ambaye amewahi kuchora mfululizo wa picha unaotokana na kanga. Kazi zake zimo katika tovuti ya Tate, makumbusho ya sanaa ya London. Ni ajabu kwamba mtoto wa Kizanzibari anaweza kumaliza skuli akimjua Picasso na asimjue huyu.

Vilevile tusibaki kuwa watazamaji wa hazina za wenzetu. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka Disemba 2020, na milango yetu ya nakshi inaendelea kuliwa na chumvi na mchwa. Taasisi zetu za makumbusho na nyaraka ziandae picha za vitu hivi kwa ajili ya skuli, na kwa upande wa milango, kazi inaweza kuanza hata kwa simu za walimu wenyewe, mradi kila picha iandikiwe mtaa, aina ya mti, na jina la fundi pale linapojulikana.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba